Nina shahada ya uhasibu ila sijawahi kuandaa mshahara wa mtu hata mmoja. Nilipie hii kozi ya laki nne na nusu?

Dada wa Chamazi · 3 Februari 2025, saa 2:14 usiku

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2022. Tangu hapo nimeomba kazi mpaka mwenye steshenari ananijua kwa jina. Kwa sasa nakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa cha shangazi yangu Mbagala, natoa na kuweka, jioni tunafunga.

Wiki iliyopita nikaitwa usaili, nafasi ya afisa mishahara. Nikavaa, nikapendeza. Baba mmoja mpole akanipa karatasi yenye mshahara wa mtu mmoja tu, akasema, "Binti, toa makato yote uniambie huyu anaondoka na shilingi ngapi." Wakuu, nilikaa dakika kumi naikodolea ile karatasi kama picha ya mtu niliyewahi kumwona sehemu nikamsahau. Chuoni tumeunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, tumekesha na viwango vya kimataifa. Mshahara wa mtu mmoja, kwa shilingi, wa hapa hapa Dar? Sikuwahi.

Sasa kuna chuo kinatangaza kozi ya uhasibu na usimamizi wa mishahara. Wiki sita, Jumamosi na Jumapili, 450,000, cheti "kinachotambulika kimataifa". Hiyo hela ninayo, lakini ndiyo hiyo hiyo tu. Nilipie, au niiweke kwenye mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu? Natanguliza shukrani.

---

mchungu_wa_ndimu · saa 2:20 usiku

Nimekaa kiti cha mbele, leteni karanga.

---

Bwana Tano kwa Tano · saa 2:31 usiku

Dada, siku hizi programu inafanya kila kitu. Unaingiza jina, unabonyeza, salari slipu inatoka. Hiyo laki nne na nusu ongeza floti kibandani. Kazi ya mishahara imekufa.

---

HR Asiyelala · saa 2:47 usiku

@Bwana Tano kwa Tano, mimi ndiye ninayelala saa nane usiku kila tarehe 24 kwa sababu ya hiyo programu "inayofanya kila kitu". Programu inakuuliza: hii posho inakatwa kodi au haikatwi? Huyu ana mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, au hana? Huyu ameacha kazi tarehe ngapi? Ukiijibu vibaya haitakugombeza. Itakosea kwa usahihi kabisa, kwa watu wote, mwezi hadi mwezi.

Mleta mada, usilipe kwanza. Msubiri Mzee wa Leja, akiiona mada hii hataiacha.

---

Kichwa cha Habari · saa 3:05 usiku

Kabla ya yote ingia kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, uangalie kama hicho chuo kimesajiliwa. Halafu hilo neno "kimataifa" waulize taifa gani. Kozi ya wiki sita haikupi ngazi yoyote ya NTA, zile tuzo za kitaifa za ufundi. Astashahada ya awali, NTA 4, ni mwaka mzima, stashahada ndiyo NTA 6. Wewe una shahada tayari, umeshawapita. Unachokosa ni mikono, na mikono haina cheti.

---

Mzee wa Leja · saa 4:12 usiku

Nimefika. Nilikuwa nakula.

Binti, kabla sijakuambia ulipe au usilipe, nikupe mtihani. Usiingie Excel, usiulize simu. Chukua daftari na kalamu.

Mfanyakazi wa sekta binafsi, Tanzania Bara. Mshahara wa msingi 800,000. Posho ya usafiri 100,000, analipwa taslimu kila mwezi. Ni mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Alisomeshwa na HESLB, bado anadaiwa. Anaondoka na shilingi ngapi? Na je, mwajiri anamgharamia shilingi ngapi kwa ujumla? Kampuni ina wafanyakazi 30.

Viwango vya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni vile vya tangu Julai 2021. Mpaka 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8% ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000. Hadi milioni moja ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni, 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi.

Lete jibu hapa hapa, mbele za watu. Aibu ya mtandaoni inafundisha kuliko ada.

---

mchungu_wa_ndimu · saa 4:15 usiku

Karanga zimeisha, naagiza tena.

---

Dada wa Chamazi · 4 Februari, saa 1:40 asubuhi

Shikamoo mzee. Sijalala vizuri.

Jumla 900,000.
NSSF 10% = 90,000
PAYE: 68,000 + 25% ya 140,000 = 103,000
HESLB 15% = 135,000
Anaondoka na 572,000.

Upande wa mwajiri sijui, nimeweka 900,000 ile ile.

---

Mzee wa Leja · saa 2:55 asubuhi

Marahaba binti. Umejitahidi, na umemuibia mtu 37,500.

Kosa la kwanza. Mchango wa NSSF hutoka kabla ya kodi. Serikali haitozi PAYE kwenye ile 10% unayochangia mfuko wa hifadhi. Kwa hiyo toa kwanza: 900,000 kutoa 90,000 inabaki 810,000. Hiyo ndiyo unaipeleka kwenye jedwali la kodi. 68,000 jumlisha 25% ya 50,000, unapata 80,500. Wewe umemkata 103,000. Tofauti ni 22,500, ambayo ukiitazama vizuri ni 25% ya ile 90,000. Ukiona tofauti ya namna hiyo kwenye kazi ya mwenzio, jua moja kwa moja amekosea wapi.

Kosa la pili. HESLB ni 15% ya mshahara wa msingi. Posho haihusiki. 15% ya 800,000 ni 120,000. Umemzidishia 15,000.

Sasa: 900,000 kutoa 90,000, kutoa 80,500, kutoa 120,000. Anaondoka na 609,500.

Upande wa mwajiri ndipo vijana wengi wanapofia usaili, maana hawajui kama upo. Mwajiri naye anachangia NSSF 10%, ni 90,000. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, 3.5% ya jumla ya mishahara, ni 31,500. Hii inamhusu mwenye wafanyakazi kuanzia 10, ndiyo maana nilikutajia 30 na wewe ukaipita kama haipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, 0.5%, ni 4,500. Jumla mtu wako huyu anamgharimu mwajiri 1,026,000. Bosi akikuuliza "nikiajiri mwingine kama huyu nitatoa ngapi", ukimwambia laki tisa umemwingiza shimoni.

Asilimia usizikariri kama Baba Yetu. SDL ilikuwa 4%, ikashushwa 3.5% Julai 2023. WCF nayo imeshashushwa. Zitabadilika tena. Shika mpangilio: kipi kinatoka kabla ya kipi, na kinatoka kwenye msingi au kwenye jumla. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuangusha.

---

Dada wa Chamazi · saa 3:10 asubuhi

Mzee nimekaa kimya kwanza. Miaka mitatu chuo. Hii umenifundisha bure ndani ya dakika tano.

---

Otieno wa Mlolongo · saa 4:02 asubuhi

Habari za huko majirani. Mimi hufanya mishahara hapa Nairobi, nimesoma kupitia KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya. Mzee amesema ukweli kuhusu mpangilio. Kwetu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF ilitoka ikaingia SHIF, 2.75% ya mshahara wote. Ada ya nyumba 1.5% mfanyakazi, 1.5% mwajiri. Mwanzoni hizo mbili zilikuwa hazitolewi kabla ya PAYE. Mwisho wa Desemba sheria ikabadilika, sasa zinatolewa kwanza ndipo kodi ikokotolewe. Na mwezi huu wa Februari 2025 kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF yetu kimepanda hadi 72,000. Aliyekariri mwaka jana, leo hajui kitu. Sisi tunalipa PAYE kufikia tarehe 9, nyinyi je?

---

HR Asiyelala · saa 4:20 asubuhi

Tarehe 7 ya mwezi unaofuata, PAYE na SDL. HESLB ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Kila mmoja ana siku yake, mlango wake na control namba yake, ile namba ya kulipia serikalini. Hiyo kalenda nimeibandika kwenye friji nyumbani, mume wangu anaijua.

---

Mpemba Tulivu · saa 5:33 asubuhi

Na mukija kufanya kazi huku kwetu Zanzibar, mfuko ni ZSSF, si NSSF. Musije mukatuletea jedwali la Dar mukabadilisha jina la kampuni tu. Nishayaona hayo.

---

Bwana Tano kwa Tano · saa 5:50 asubuhi

Sawa, nakubali nusu. Lakini Mzee, wewe mwenyewe hujawahi kukosea?

---

Mzee wa Leja · saa 7:25 mchana

Nimewahi, na nitalisema, maana muda wa kulificha umeshapita.

Nilikuwa kampuni moja ya ulinzi, siitaji. Walinzi zaidi ya mia mbili. Mishahara tulikuwa tunaituma benki kwa faili la Excel: jina, namba ya akaunti, kiasi. Mkurugenzi akasema anataka majina yapangwe kwa alfabeti, ayapitie vizuri. Nikaichagua safu ya majina, nikaipanga. Excel ikaniuliza kitu, mimi na haraka zangu za saa kumi na moja jioni nikabonyeza endelea. Majina yakapangwa. Akaunti na viasi vikabaki pale pale vilipokuwa.

Jumla ya chini haikubadilika hata senti. Mkurugenzi akatazama jumla, akasaini. Kesho yake mlinzi wa getini ana mshahara wa msimamizi, msimamizi ana wa mlinzi aliyefanya siku tisa. Kuna waliorudisha siku hiyo hiyo. Kuna waliosema Mungu amejibu. Ilichukua miezi mitatu kuweka sawa, na fedha nyingine nilikatwa mimi.

Tangu siku ile sitegemei jumla peke yake. Kabla faili halijatoka nachukua watu watano hivi hivi tu, nafungua jalada la kila mmoja, nalinganisha jina, akaunti na kiasi. Dakika ishirini. Na nikipanga jedwali nalichagua lote, kutoka kona hadi kona.

---

mchungu_wa_ndimu · saa 7:31 mchana

"Waliosema Mungu amejibu" 😂😂 nimecheka ofisini nimeulizwa.

---

HR Asiyelala · saa 8:15 mchana

Niongezee upande wangu, maana mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza ya usaili.

Mtu akija kuomba nafasi ya mishahara nampa jedwali la watu 12. Kukokotoa wengi wanakokotoa, siku hizi wamefanya mazoezi. Ila humo ndani nimeweka watu wawili wenye majina tofauti na namba ya akaunti moja. Wachache sana wanainua kichwa na kusema, "Dada, hawa wawili mbona akaunti ni hii hii?" Hao wachache ndio ninaowapigia simu.

Mnakumbuka 2016, serikali ilipohakiki watumishi wakatajwa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000? Mshahara hewa hautoki hewani. Umepita mezani kwa mtu aliyekokotoa PAYE yake vizuri kabisa, NSSF vizuri kabisa, akatuma. Hakuuliza tu huyu mtu ni nani.

Mtego mwingine ni muda wa ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu. Sasa saa moja ni shilingi ngapi? Watu wanachukua mshahara, wanagawa kwa siku 30, wanagawa kwa 8. Hapana. Sheria inakupa 4.333 kwa wiki za mwezi, mara 45, ni 195. Mwenye msingi wa 390,000 saa yake ni 2,000, ya ziada ni 3,000. Ukitumia 240 unamlipa 2,437 na senti, mwezi hadi mwezi, mpaka siku anapokwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na hesabu yake mkononi. Jumapili na sikukuu zina hesabu yake, mara mbili. Usiku kuna 5% juu.

---

Kichwa cha Habari · saa 8:40 mchana

Sasa jibu la swali lake liko wapi? Kozi au NBAA?

---

Mzee wa Leja · saa 9:02 alasiri

Nilikuwa naelekea huko.

NBAA usiiache, lakini isikuzuie kula. Una shahada ya uhasibu, utaanzia ngazi ya kati, mitihani ni Mei na Novemba. Nafasi ya afisa mishahara hawatakudai CPA, kile cheti cha mhasibu aliyefuzu mitihani yote ya NBAA. Ukitaka siku moja kuwa mkuu wa fedha, watakudai. Jipe miaka.

Kozi, sijui hao ni akina nani. Nenda ukae darasani siku moja bure. Mwalimu akifungua programu siku ya kwanza na kuanza kuonyesha vitufe, toka. Akianza na daftari na mtu mmoja kama nilivyoanza na wewe, kaa. Usinunue mbuzi ndani ya gunia.

Ila mimi ningekuwa wewe ningezunguka Kariakoo na Mnazi Mmoja, kwenye zile ofisi ndogo za washauri wa kodi, za watu watatu na printa moja. Wanawafanyia mishahara wateja kumi, kumi na tano, shule, duka la vifaa vya ujenzi, kliniki. Tarehe 1 hadi 7 wanakufa na kazi. Nenda kaombe kuwasaidia hiyo wiki moja, nauli tu. Mwezi mmoja huko utaona waajiri wa aina kumi.

Halafu nilisahau. Umesema jioni mnafunga kibanda. Mnafungaje?

---

Dada wa Chamazi · saa 9:30 alasiri

Nahesabu keshi, naangalia floti ya kila laini, najumlisha, inabidi ilingane na mtaji. Isipolingana napitia miamala mmoja mmoja kwenye daftari mpaka niikute. Shangazi haondoki mpaka ilingane. Juzi tulikaa hadi saa nne usiku kwa ajili ya 2,000.

---

Mzee wa Leja · saa 9:34 alasiri

Na hilo hukuliandika kwenye wasifu wako.

---

Dada wa Chamazi · saa 9:36 alasiri

Niliona aibu mzee. Nimeandika "sina uzoefu".

---

HR Asiyelala · saa 9:41 alasiri

Mungu wangu. Andika! Kulinganisha keshi na vitabu kila siku bila kukosa! Mimi ningesoma mstari huo nikanyanyuka kwenye kiti.

---

Dada wa Chamazi · 22 Machi 2025, saa 3:18 usiku

Wakuu nimerudi. Najua mliodhani nimekula kona mpo.

Kozi sikulipa. Nilikwenda siku moja, mwalimu akafungua programu siku ya kwanza. Nikatoka wakati wa chai.

Nikazunguka ofisi tisa. Ya tisa, mama mmoja akaniambia, "Njoo tarehe 28, usije na matarajio." Nikaenda. Nimefanya mishahara ya Februari ya watu 23 wa shule moja ya awali. Kwanza kwa daftari, mama akanicheka, halafu nikaweka Excel na vikalingana. Tarehe 6 usiku tulikuwa bado ofisini tunatafuta control namba, nikampigia shangazi akafunge kibanda peke yake, amenuna siku mbili.

Kilichonifurahisha ni hiki. Nilipoanza, nikafanya kama nifanyavyo kibandani, nikasema ngoja nihesabu vichwa kwanza. Nikaomba daftari la mahudhurio ya walimu. Vichwa 22. Jedwali la mishahara, 23. Kuna dada alimaliza mkataba Desemba, hakuna aliyemtoa, Januari amelipwa kama kawaida. Wala haukuwa wizi, walimsahau tu, na mwenyewe akanyamaza. Mama hakusema kitu, ila kesho yake akanipa na mteja wa pili.

Malipo bado ni nauli na chakula. Aprili amesema tutazungumza. HR Asiyelala, ule mstari wa kibanda nimeuandika. Mzee wa Leja, shikamoo sana.

---

mchungu_wa_ndimu · saa 3:22 usiku

Kumbe nyuzi za humu huwa zinazaa matunda. Leteni soda.

---

Mzee wa Leja · saa 3:50 usiku

Marahaba mwanangu. Sasa huyo aliyelipwa Januari bila kufanya kazi, PAYE na NSSF yake ya mwezi huo mliipeleka, sivyo? Mumeirekebishaje?

---

Dada wa Chamazi · saa 3:58 usiku

😩 Mama ameandika barua, tunasubiri. Sasa mzee na mimi nina swali. Yule mteja wa pili ana fundi ameanza kazi tarehe 19 Machi. Mshahara wake wa mwezi huu nagawa kwa siku 31, kwa 30, au kwa siku za kazi tu?

---

Mzee wa Leja · saa 4:01 usiku

Mkataba wake unasemaje?

---

Dada wa Chamazi · saa 4:03 usiku

Hausemi kitu. Na huyo fundi anasema aliambiwa kwa mdomo siku 26.

---

HR Asiyelala · saa 4:04 usiku

Anzisha uzi mwingine, mdogo wangu. Huo peke yake ni kurasa nne.